Kabla Hujatia Sahihi: Majibu kwa Wasomaji Walioanza Kazi Marekani

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Marekani. Wengine walifika kupitia kambi za Nyarugusu na Kakuma, wengine kwa bahati nasibu ya viza. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Sheria za kazi kule zina ngazi mbili, ya taifa na ya jimbo, kwa hiyo pale ambapo jimbo linabadilisha jibu tumelitaja.

Jambo sana wahariri. Mimi ni mkimbizi kutoka Kongo, nimefika Kentucky wiki sita zilizopita. Nimepata kazi ghalani, lakini dada wa ofisini anasema bila grini kadi hawezi kuniandika. Na mke wangu aliyeanza kwingine ameambiwa kompyuta imelikataa jina lake. Tumekosea wapi?
*Baba wa watoto wanne, Louisville*

Baba, hamjakosea popote. Karatasi inayowasumbua inaitwa fomu I-9, na kila mwajiriwa wa Marekani huijaza, hata mzaliwa wa huko. Sehemu ya kwanza unaijaza wewe, isipite siku ya kwanza ya kazi. Mwajiri ana siku 3 za kazi tangu ulipoanza za kuziangalia nyaraka zako. Ndani ya fomu hiyohiyo mna ukurasa wenye orodha tatu: A, B na C. Unaonyesha kitu kimoja cha orodha A, au kimoja cha B pamoja na kimoja cha C, na anayechagua ni wewe. Mwajiri hana ruhusa ya kukutajia waraka mmoja na kusema anautaka huo tu.

Mkimbizi wa wiki sita hawezi kuwa na grini kadi, kwani maombi yake hupelekwa baada ya kukaa nchini mwaka mmoja. Fomu yako ya I-94, yaani rekodi ya kuingia nchini, yenye alama ya kupokelewa kama mkimbizi inatosha kuanzia kazi, nayo inakubeba kwa siku 90. Kabla siku hizo hazijaisha, leta kadi ya ruhusa ya kazi, au kitambulisho cha jimbo pamoja na kadi ya Social Security (hifadhi ya jamii) isiyo na maandishi ya kuzuia kazi. Mfungulie dada huyo ukurasa wa orodha, umwonyeshe kwa kidole. Akishikilia msimamo wake, Wizara ya Sheria ya Marekani ina kitengo kinachoshughulikia jambo hili hasa, na simu yake ya wafanyakazi ni 1-800-255-7688. Mwombe mkalimani wa Kiswahili, halipiwi.

Sasa la mama. Waajiri wengi hupitisha taarifa za I-9 kwenye mfumo wa serikali uitwao E-Verify. Majina yetu matatu ndiyo yanayoukoroga. Kwenye kadi ya Social Security jina la ukoo limeandikwa la mwisho, kwenye I-94 limekuja la kwanza, na kwenye I-9 mtu kaandika kama anavyoitwa nyumbani. Tarehe nazo hugeuka, kwa sababu Wamarekani huanza na mwezi: 03/04 kwao ni tarehe 4 Machi. Jibu alilopewa mama si la kukataliwa kazi, ni la kutakiwa kusahihisha. Amwambie mwajiri kwamba anapinga, apewe barua, kisha ndani ya siku 8 za kazi za serikali kuu awasiliane na ofisi iliyotajwa humo, kwa kwenda au kwa simu kama barua inavyoelekeza, akiwa na nyaraka zake zote. Wakati huo wote anaendelea na kazi. Kumfukuza au kumsimamisha kwa sababu hiyo ni kosa.

Shikamooni. Nabeba maboksi kupitia wakala hapa Columbus, Ohio, dola 17 kwa saa. Wiki ya kwanza nilipiga saa 52, ya pili 28 maana mzigo ulikuwa mdogo. Cheki imekuja na saa 80 kavu, hakuna ovataimu. Wakala anasema 52 na 28 ni 80, ukigawa kwa mbili ni 40 kwa 40, ngoma droo. Halafu kuna makato mengi siyaelewi.
*Mbeba boksi, Columbus*

Marahaba. Wakala amekupunja dola 102. Sheria ya taifa inahesabu wiki mojamoja, na haijali cheki inatoka baada ya siku ngapi. Kila saa inayozidi 40 ndani ya wiki moja ya kazi hulipwa mara moja na nusu. Wiki tulivu haiwezi kuimeza wiki nzito.

Chukua kalamu. Wiki ya kwanza: saa 40 kwa dola 17 ni 680. Saa 12 zilizozidi ni kwa dola 25.50, yaani 306. Jumla 986. Wiki ya pili: saa 28 kwa 17 ni 476. Ukijumlisha zote mbili unapata 1,462. Wao wamekulipa 80 mara 17, yaani 1,360.

Kwenye makato, mawili hayakwepeki na unaweza kuyakagua mwenyewe: Social Security asilimia 6.2 na Medicare, bima ya afya ya wazee, asilimia 1.45. Kwa dola 1,462 ni 90.64 na 21.20. (Kama unalipia bima ya afya kazini, mara nyingi bima hutolewa kwanza, ndipo asilimia hizi zipigwe kwenye kinachobaki.) Kuna kodi ya mapato ya taifa, ambayo inategemea ulichojaza kwenye fomu W-4 ulipoajiriwa. Kuna kodi ya jimbo, na Columbus ina kodi ya jiji ya asilimia 2.5. Ndugu yako aliyeko Texas au Tennessee hakatwi kodi ya jimbo kwenye mshahara, kwa hiyo msilinganishe cheki kwa simu mkaishia kugombana. Mstari mwingine wowote, kama sare, usafiri au vifaa, uulize kwa maandishi ni wa nini na uliusaini wapi.

Kagua na chakula cha mchana. Mifumo mingi hukata nusu saa yenyewe kila siku, ule usile. Kukata kunakubalika ikiwa umeachwa huru kabisa kwa muda huo. Ukiitwa katikati ya wali wako kupakua lori, hapo ulikuwa kazini na nusu saa hiyo ni yako. Mapumziko mafupi ya dakika 5 hadi 20, pale mwajiri anapoyatoa, hulipwa.

Nunua daftari dogo, lile la mfukoni. Kila siku ukitoka, kabla hujawasha gari, andika tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na dakika za chakula. Maghala mengine hayaruhusu simu ndani, daftari halizuiwi. Ukienda kudai bila kumbukumbu zako, rekodi itakayosomwa ni ya wakala peke yake. Mpelekee hesabu hiyo kwa ujumbe wa maandishi, kwa upole, tarehe kwa tarehe. Wengi hulipa hapo. Asipolipa, piga simu idara ya mishahara na saa za kazi ya Wizara ya Kazi, 1-866-487-9243. Dai la ovataimu hurudi nyuma miaka 2, au 3 kama mwajiri alivunja sheria kwa makusudi. Kukuadhibu kwa kulalamika kumekatazwa.

Wapendwa, niko Iowa, miezi minne sasa nakata nyama ya nguruwe kwenye mkanda. Usiku vidole vitatu vya mkono wa kulia vinakufa ganzi hadi naamka nakung'uta mkono. Wenzangu wananiambia ninyamaze, nitafukuzwa. Na jambo la pili: tunavaa zana zote ndipo tunapiga kadi. Ni halali?
*Mama wa watatu, Iowa*

Mama, usinyamaze. Kidole gumba, cha shahada na cha kati kufa ganzi usiku, na mtu kuamka akikung'uta mkono, ni dalili ya mshipa wa fahamu kubanwa kwenye kifundo cha mkono. Mshipa huo hupita katika njia nyembamba pamoja na kano za vidole. Kano zikivimba kwa kurudia mkato uleule maelfu ya mara kwa siku, mshipa unakosa nafasi. Ukiwahiwa, mara nyingi mkono hutulizwa kwa kubadilishiwa kazi na kufungwa kibao cha kunyoosha kifundo cha mkono usiku. Ukiachwa, nyama ya chini ya kidole gumba hupungua, na ikifika hapo hata upasuaji hauirudishi yote.

Tazama kisu chako kwanza. Kisu butu kinakula mkono kabla hakijaila nyama, maana unakandamiza pale ulipotakiwa kuteleza. Kipitishe kwenye chuma cha kunyooshea makali kila baada ya vipande vichache, usingoje mapumziko: mkono mwepesi, kisu kimelala kwa nyuzi kama 20, mara mbili au tatu kila upande. Ukikandamiza kwa nguvu unayakunja makali badala ya kuyanyoosha. Kikigonga mfupa na kupata pengo, chuma hakitakisaidia, kirudishe chumba cha kunolea. Futa mafuta kwenye mpini. Angalia na glovu: zikiwa kubwa, vidole vinashika kwa nguvu maradufu ili kisu kisiponyoke. Omba saizi yako, na ukiambiwa zimeisha, omba tena kesho. Vaa glovu ya joto ndani, kwa sababu mkono wa baridi hukaza.

Sasa kuripoti, na hapa ndipo wengi wanapoipoteza haki yao. Mwambie supavaiza leo, si wiki ijayo. Kisha nenda chumba cha huduma ya kwanza cha kiwanda uhakikishe wameandika mambo manne: lini ilianza, kazi gani inaichochea, mkono upi, na ulimwambia nani. Omba nakala au piga picha. Sheria ya Iowa inampa mfanyakazi siku 90 za kumjulisha mwajiri, lakini kila siku unayochelewa inampa mtu wa bima nafasi ya kusema umeumia kwingine.

Iowa mwajiri anayelipia matibabu ndiye anayechagua daktari. Usijiendee hospitali yako ukitegemea bili italipwa, isipokuwa kwa dharura. Usiporidhika na matibabu, waandikie mwajiri na bima yake ukieleza sababu. Hospitalini dai mkalimani, ni haki yako na halipiwi, na kama unaelewa Kibembe au Kinyarwanda vizuri kuliko Kiswahili, sema. Usimtumie mtoto wako. Mama anasema mkono unauma usiku nikiwa kitandani, mtoto anatafsiri kuwa mama anaumwa nyumbani, daktari anaandika kuwa haihusiani na kazi, na sentensi hiyo moja inakufuata miezi sita. Anza na kazi: nakata nyama, mkono huu, mkato huu, saa nane kwa siku, na usiku unakufa ganzi.

Wakikupa kazi nyepesi ambayo daktari ameikubali, ifanye hata kama ni ya kuchosha akili, kwa sababu kuikataa kunaweza kukatisha malipo yako. Ikikiuka alichoandika daktari, mwonyeshe supavaiza karatasi yenyewe. Na wakikuadhibu kwa kuripoti jeraha, malalamiko kwa OSHA, idara ya serikali ya usalama kazini, yapelekwe ndani ya siku 30. Muda huo ni mfupi, uzingatie. Simu yao ni 1-800-321-6742.

Kuhusu kuvaa zana: Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 2005, katika kesi ya wafanyakazi wa kiwanda cha nyama cha Pasco, Washington, kwamba ukishavaa zana maalumu ambazo kazi haiendi bila hizo, muda wa kutembea kwenda kwenye mkanda ni kazi na unalipwa. Muda wa kupanga foleni kungoja kuzipokea mwanzoni mwa shifti haukuingizwa. Kama kiwanda kina chama cha wafanyakazi, mkataba wake unaweza kuwa umeutoa muda wa kubadilisha nguo, kwa hiyo muulize mwakilishi wa chama akuonyeshe kifungu. Kama hakuna chama, pima kwa saa: dakika ngapi tangu aproni na glovu ya chuma zinavaliwa hadi mnapiga kadi. Dakika 8 kila siku kwa siku 5 ni dakika 40 kwa wiki.

Amefariki baba yangu mdogo huko Uvira, yeye ndiye aliyenilea. Kazini hapa Indiana wamesema siku 3 za msiba ni za baba, mama, mke, mtoto na ndugu wa damu tu. Naweza kuandika kwamba ni baba? Na naweza kusafiri kwenda kuzika?
*Mfiwa, Indianapolis*

Pole sana ndugu yetu. Mungu amlaze pema.

Usiandike kwamba ni baba mzazi. Kwetu ni kweli, lakini fomu yao inauliza kitu kingine, na kampuni nyingi huomba tangazo la msiba lenye majina. Likija na neno tofauti, kosa litakuwa la kudanganya, na hilo hufukuzisha haraka kuliko kukosa kazi siku tatu. Hakuna sheria ya taifa inayotoa likizo ya msiba. Majimbo machache yanayo, kama California, Illinois na Oregon. Indiana inategemea kijitabu cha kampuni, na huko ndiko pa kuanzia: tafuta kama mna mstari kuhusu mlezi au aliyesimama mahali pa mzazi. Mara nyingi upo, na mtu wa ofisini hakuufikia.

Kisha andika barua fupi kwa ofisi ya wafanyakazi, nakala kwa supavaiza. Sema marehemu alikulea tangu umri fulani mahali pa mzazi, unaomba siku za msiba kuanzia tarehe fulani hadi fulani, na kama haziwezekani unaomba siku zako za likizo au ruhusa bila malipo. Malizia kwa kuomba jibu la maandishi. Jibu la mdomo la supavaiza kwamba nenda tu halizuii kompyuta kukuhesabia pointi za utoro, na kampuni nyingi huhesabu siku tatu bila kupiga simu kuwa umeacha kazi.

Safari ni jambo zito zaidi. Mkimbizi hatakiwi kutoka Marekani bila hati ya kusafiria ya mkimbizi mkononi. Inaombwa kwa fomu I-131 ukiwa bado nchini, na husubiriwa miezi. Ukitoka bila hiyo, kurudi kunaweza kukataliwa. Na kurudi kwenye nchi uliyoikimbia, hata kwa maziko, kunaweza kuzua maswali kuhusu hadhi yako. Zungumza kwanza na wakili wa uhamiaji wa shirika lililokupokea, hata kama ndugu wa nyumbani wanakuona mzito. Tanga liwekwe hapo ulipo. Na siku ya kukesha matangani usiingie shifti ya alfajiri ya kuendesha foklifti: badilishana na mwenzako mapema, kwa maandishi.

Tunaandika wawili wa kiwanda kimoja, Minneapolis. Mmoja ni Msabato, mwingine Mwislamu wa Mombasa. Wametuhamishia shifti ya mchana inayoisha usiku. Supavaiza anasema dini tuache mlangoni.

Hana haki ya kusema hivyo. Sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi atafute njia ya kumwezesha mtu kutimiza ibada yake. Zamani waajiri walijitetea kwa usumbufu mdogo tu. Juni 2023 Mahakama Kuu, katika kesi ya mtumishi wa posta aliyekataa kazi za Jumapili, ilisema mwajiri lazima aonyeshe mzigo mkubwa kwa kuzingatia biashara yake. Manung'uniko ya wenzenu hayatoshi.

Nyote wawili mnafuata jua, na hapo ndipo maombi mengi yanapovunjika. Minneapolis jua la Desemba huzama karibu saa kumi na nusu jioni, na la Juni karibu saa tatu usiku. Msabato akiomba Ijumaa atoke saa kumi na mbili jioni, ombi hilo linamfaa masika na linamwangusha majira ya baridi. Mwislamu akipangiwa mapumziko ya saa mbili usiku, Magharibi ya Desemba imeshampita. Chapisheni jedwali la machweo la mwaka mzima, mliambatanishe na ombi, na mwandike kwamba muda unaombwa kufuata jedwali hilo.

Ombi libebe na suluhisho. Msabato: niko tayari kufanya Jumapili kila wiki, au nibadilishane Ijumaa na mtu huyu aliyekubali. Mwislamu: naomba mapumziko niliyo nayo tayari yasogezwe, dakika kumi zinanitosha, na pa kutawadha ni bafu la karibu na stoo, si sinki la jikoni. Barua ya mchungaji au ya imamu inasaidia ingawa sheria haiidai. Liandikeni tarehe ombi, wekeni nakala. Mkikataliwa, malalamiko hupelekwa EEOC, tume ya serikali inayoshughulikia ubaguzi kazini. Muda wa kawaida ni siku 180, na katika majimbo mengi unafika 300, ila msisubiri.

Majibu mafupi

*Msomaji wa Boise aliyekosa usaili kwa kufika saa sita kasoro usiku wakati miadi ilikuwa asubuhi:* Usigeuze saa kichwani. Weka simu na saa ya mkono kwenye saa za Kizungu, na useme saa za Kiswahili nyumbani tu. Ukipokea miadi, iandike ilivyo, pamoja na herufi AM au PM, kisha mrudishie mtu kwa ujumbe ili athibitishe. Zingatieni saa 12: 12 AM ni usiku wa manane, na shifti inayoanza Jumatatu 12 AM inaanza usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu.

*Mke na mume wa Dallas wenye kazi mbili kila mmoja, ambao Aprili walidaiwa kodi:* Kila mwajiri alikata kodi kana kwamba ndiye pekee anayewalipa, hivyo msamaha mmoja ukahesabiwa mara nne. Omba W-4 mpya kila kazini, mjaze hatua ya 2, ya wenye kazi zaidi ya moja. Watoto waandikwe kwenye W-4 moja tu, ya kazi inayolipa zaidi. Ushauri wa kuandika 0 au 9 ni wa fomu ya zamani, iliyobadilishwa mwaka 2020. W-2, yaani taarifa za mwaka za mshahara na kodi iliyokatwa, zinatakiwa kutolewa kufikia 31 Januari, na msifungue hesabu kabla hazijafika zote nne.

*Anayetaka kuacha kazi:* Wiki mbili za taarifa ni desturi tu, lakini zipe, kwa sababu mwajiri ajaye atapiga simu kuulizia. Rudisha beji, omba risiti, na acha anwani itakayopokea W-2.

Nilikuwa muuguzi mwenye diploma Tanzania miaka 9. Nimefika Houston kwa grini kadi. Rafiki zangu wananiambia niwe CNA (msaidizi wa muuguzi), nisahau uuguzi. Nianzie wapi?
*Muuguzi, Texas*

Dada, usisahau uuguzi. Kazi ya CNA ifanye kama ngazi ya kukupa mshahara na Kiingereza cha wodini, lakini anza karatasi za uuguzi wiki hiihii, kwa sababu zinachukua muda kuliko mtihani wenyewe.

Kwa CNA, sheria ya taifa inataka mafunzo ya saa 75 kwa uchache, na Texas inataka 100, darasani na kwa wagonjwa, kisha mtihani wa maandishi na wa vitendo. Nyumba nyingi za wazee huwafundisha wanaowaajiri bila ada, kwa hiyo uliza kabla hujalipa chuo. Kwenye vitendo wauguzi wetu wazoefu huangushwa na vitu vidogo: kutonawa mikono mbele ya mtahini, kutobisha hodi, kutomweleza mgonjwa unachofanya, kusahau kufunga breki za kitimwendo, kumwacha bila kengele mkononi. Kazini usimwinue mtu kwa makwapa. Mfunge mkanda wa kiunoni, na mashine ya kuinulia iendeshwe na watu wawili. Migongo mingi huvunjwa usiku, watu wakiwa pungufu.

Kwa uuguzi, leseni hutolewa na bodi ya jimbo. Unapitia tathmini ya masomo, mtihani wa Kiingereza, kisha NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi. Tathmini haipokei vyeti kutoka mkononi mwako. Chuo chako kitume matokeo na saa za mafunzo moja kwa moja, na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania lithibitishe usajili wako moja kwa moja pia. Hapo ndipo maombi hulala miezi. Mtume ndugu aende chuoni kwa miguu akiwa na barua yako ya idhini, nakala ya kitambulisho na ada, afuatilie hadi aone bahasha imetoka. Kama umeolewa na jina limebadilika, ambatanisha cheti cha ndoa kila mahali.

Angalia mapema kama saa za vitendo za afya ya akili, watoto, uzazi na upasuaji zimeandikwa kila moja peke yake. Vyuo vyetu huzijumlisha kwa mkupuo, na mtathmini asipoziona anaandika kuwa zimepungua, nawe unaambiwa urudi darasani kwa somo ulilolisoma. Omba msajili azitenganishe kwa wodi, saa za darasani upande mmoja, za wodini upande mwingine.

NCLEX ya muuguzi kamili ina maswali kati ya 85 na 150, kwa muda wa saa 5, na ada yake ya usajili ni dola 200 mbali na za bodi. Itakusumbua pale inapouliza nani umwone kwanza kati ya wagonjwa wanne, au kazi ipi umwachie msaidizi. Wodi yenye muuguzi mmoja kwa wagonjwa 40 haikukufundisha kugawa kazi, ilikufundisha kuzifanya zote. Fanya mazoezi ya maswali hayo kila siku, hata 25 tu baada ya shifti, na usome maelezo ya majibu uliyopata pamoja na uliyokosa. Na wiki hii, kabla ya lolote, tuma ile barua ya idhini chuoni.